Picha Iliyofutwa Vumbi

"Nilidhani ni vumbi, mama. Mungu ananiona, nilidhani ni vumbi tu."

Elinipendo alikuwa ameyasema hayo mlangoni, akayarudia alipoingia, na sasa aliyasema tena akiwa ameketi kwenye kigoda cha marehemu kaka yake, kitambaa cha kufutia bado kiko mkononi. Inspekta Mwanaasha Fahad alisimama mbele ya ubao wa kuchorea akitazama karatasi kubwa ambayo hadi juzi ilikuwa picha. Sasa ilikuwa tope tupu. Kijivu, kahawia na kijani kidogo, vyote vimekokotwa kutoka kushoto kwenda kulia kwa kitambaa kibichi, mara mbili, na mkono wa mtu anayejua usafi.

Mwanaasha alitamani kumtukana mtu, akakosa wa kumtukana.

Sifael mchoraji alikuwa ameokotwa juzi jioni chini ya korongo lililo nyuma ya kihamba chake, shamba la urithi lenye nyumba yake, hapa Kirua Vunjo, shingo imevunjika, panga liko kando yake. Polisi wa kituo cha jirani walikuja, wakachukua mwili, wakachukua panga, wakamchukua na mwenye panga, mwongoza wageni wa mlimani aitwaye Jesse, kisha wakaenda zao na kuacha nyumba wazi. Walitarajia nini? Msiba ni msiba. Kabla giza halijaingia, kina mama wa jirani walishatoa viti nje, wakafagia, wakapiga deki, wakafuta kila kinachofutika ili waombolezaji waikute nyumba inatazamika. Hakuna aliyewaambia wasiguse. Kosa lilikuwa la polisi, na lilimuuma Mwanaasha kwa sababu naye ni polisi.

Kesho asubuhi Jesse alikuwa anafikishwa mahakamani kwa kosa la kuua, na kosa hilo halina dhamana. Mwanaasha alishaona wanaume wakiingia mahabusu kwa kesi kama hiyo wakiwa wameacha watoto wa kunyonya, wakatoka miaka baadaye bila hatia, watoto wakawaamkia kama wageni. Mkuu wake wa upelelezi pale Moshi alimtuma huku juu kwa maneno machache: "Nenda ukamalizie lile jalada." Kwa mkuu, ushahidi ulitosha. Panga ni la Jesse. Jirani, mama Veronika, alisikia wanaume wawili wakigombana humu ndani mchana ule, na mwanamume pekee aliyezoea kuingia kwa Sifael ni Jesse, mwanafunzi wake wa kuchora.

Hata hivyo, kabla ya kupanda, Mwanaasha alikuwa amepitia mahabusu. Jesse, vidole bado vyeusi kwa mkaa, alisema mengi ya kujililia na machache ya maana. "Afande, siku ile mwalimu aliniambia nisije. Alisema ana mgeni wa kumchora. Kaangalie picha iliyoko ubaoni, utamwona huyo mgeni kwa macho yako."

Na picha yenyewe ndiyo hii.

"Mama Elinipendo," alisema Mwanaasha taratibu, "picha za ukutani nazo ulizifuta?"

"Zote, mama. Mbona hizo hazikutoka? Mimi nimezifuta miaka yote, kila nikija kumfanyia usafi. Napitisha kitambaa, vumbi linatoka, picha inabaki." Alinyanyua uso uliovimba kwa kilio. "Hii nayo nikadhani ni vilevile. Umeme ulikuwa umekatika, halafu nilikuwa nalia. Nilipitisha kitambaa mara ya pili ndipo nikaona rangi inanifuata."

Mwanaasha alisogelea ukuta. Kulikuwa na mlima wa asubuhi na mlima wa jioni, mwanamke amebeba mkungu wa ndizi, ng'ombe zizini, uso wa Jesse akicheka. Aligusa kona ya picha ya ng'ombe kwa kidole. Kidole kilibaki safi.

"Kwa nini hizi hazitoki?"

"Maziwa," Elinipendo alisema, na kilio kikampanda upya. "Nilikuwa namletea maziwa yaliyoenguliwa siagi. Picha ikiisha anaipulizia kwa kile kichupa pale, ikikauka imeshika. Na maziwa ya wiki hii nilimletea mimi mwenyewe, ona, hayajaguswa."

Kichupa kilikuwa dirishani, kimejaa, maziwa yamekatika. Mwanaasha alikitazama kwa muda. Picha haikupuliziwa, kwa hiyo haikuwa imekwisha, au mchoraji aliondoka humu akiwa na nia ya kurudi.

"Alikuwa na desturi ya kwenda kule ukingoni mwa korongo?"

"Nani, Sifael? Na kifua kile? Unga wa mkaa na wa chaki zake ulishammaliza mapafu. Akitembea hadi zizini anakaa chini kuhema. Hata matawi ya mibuni ya kuchomea mkaa wa kuchorea, Jesse ndiye aliyekuwa anamkatia. Ndiyo maana panga lake linalala humu."

Koplo Eliudi, askari wa kituo cha jirani na mzaliwa wa hapahapa, alikuwa mlangoni. Alikohoa. Hilo la panga kulala humu halikuwa kwenye maelezo aliyoyaandika yeye, na alijua kwamba inspekta ameliona.

"Ulipoikuta picha, ilikuwa wazi hivi?" Mwanaasha aliuliza.

"Ilikuwa imefunikwa. Karatasi ya kalenda ya kanisani ya mwaka jana. Alikuwa anafunika picha zake kwa hizo, upande mweupe unatazama picha."

"Hiyo karatasi iko wapi?"

Elinipendo alisema kwa sauti ndogo kwamba kina mama waliomba karatasi jikoni.

Jikoni kulikuwa na moshi, masufuria matatu ya ndizi, na Winfrida. Winfrida ndiye aliyekuwa amiri jeshi wa wapishi, na hakuona sababu ya polisi kuja kupekua meza yake wakati watu hawajanywa chai. "Karatasi gani tena, afande? Za kuwashia moto zimeshawaka." Mwanaasha alimwamkia vizuri, akampa pole ya msiba na pole ya kazi, akaanza kuinua sinia moja baada ya jingine. Chini ya sinia la vikombe ilikuwapo. Juu, kwaya ya vijana ikitabasamu kwa sare za zambarau. Aliinua pembe moja na kuchungulia upande wa chini.

"Msimwage chai hapa," alisema, akaichomoa karatasi taratibu na kumwita Eliudi.

Waliitandaza kwenye benchi nje, chini ya migomba, palipokuwa na mwanga. Chai ilikuwa imekula pembe moja. Sehemu iliyobaki ilionyesha kitu kilichofifia lakini kinachosomeka. Unga wa mkaa na chaki za rangi ulikuwa umehama kutoka kwenye picha na kung'ang'ania karatasi. Mwanamume ameketi. Kofia. Koti lililofunguliwa, shati ndani yake. Uso ulikuwa umevurugika kabisa, pua na macho vimekuwa doa moja. Lakini mikono, iliyolazwa magotini, ilitoka vizuri, na mmoja ulikuwa na vidole viwili vifupi, vimeishia kwenye kifundo cha kwanza.

Eliudi alipiga paja. "Mkono wa kulia! Afande, huyu ni Anaeli, fundi seremala wa hapo chini. Msumeno ulimkata vidole vya mkono wa kulia. Nikamlete?"

"Subiri kidogo. Mfuko wa shati lako uko upande gani?"

Eliudi alijitazama. "Kushoto."

"Wa huyu?"

Alitazama karatasi. Mfuko ulikuwa upande wa kulia. Ndipo akaelewa. Karatasi ililazwa juu ya picha uso kwa uso, kwa hiyo kila kitu kimegeuka. Mkono wenye vidole vifupi ulikuwa wa kushoto.

"Muache Anaeli na mbao zake," Mwanaasha alisema. "Kuna jingine. Jesse aliniambia mwalimu wake akifunika picha anabana pembe mbili za juu kwa pini, karatasi inaning'inia bila kugusa. Alikuwa anamfokea Jesse akiiegemeza. Lakini hii imegandamizwa. Ona hapa, kiganja kizima. Na hapa pembeni, vidole. Mtu anayejua chaki hizi hawezi kufanya hivi. Aliyeifunika picha si Sifael. Ni mtu aliyebaki ndani baada ya Sifael kutoka."

"Na hiki kijani ni nini?" Eliudi aliuliza, akainama karibu zaidi. Kwenye mkono mwingine, ule mzima, mchoraji alikuwa ameweka mstari mrefu wa kijani, mpana katikati na mwembamba nchani. Rangi ile ilikuwa imeshika kuliko zote, ni dhahiri iliwekwa mwishoni na kwa nguvu. Koplo alinyooka, na sauti yake ikabadilika. "Afande. Hilo ni isale."

Mwanaasha alikulia mjini, nyumba ya Waislamu, bibi wa Tanga na babu wa Kimanyema, lakini hakuna mtoto wa Moshi asiyejua isale. Ndilo lile jani refu linalopandwa mipakani na makaburini. Mchagga akimkosea mwenzake kosa la kutosameheka, humpelekea jani hilo, na anayepelekewa hana ruhusa ya kukataa. Akikataa, aibu inakuwa yake, na watu wa zamani husema si aibu peke yake.

"Nani hulishika?" aliuliza, ingawa alijua.

"Anayeombwa msamaha. Analipokea."

Walirudi ndani. Elinipendo alikuwa palepale kwenye kigoda.

"Mama, kuna mtu Sifael alikuwa amemkosea? Kosa kubwa?"

Mama yule hakuuliza kwa nini. Alitazama mlango, akatazama dirisha, kana kwamba anatafuta mahali pa kutokea. "Kaka yetu mkubwa," alisema. "Filemon."

Alieleza kwa shida. Mama yao alipokuwa katika siku zake za mwisho, Sifael alikaa kando ya kitanda akimchora kwa mkaa. Alimchora bila kilemba, mashavu yameingia, mdomo wazi. Filemon alidhani ni ukumbusho wa nyumbani. Baada ya mazishi akasikia kutoka kwa watu kwamba mama yake ametundikwa ukutani kwenye hoteli moja ya watalii, wazungu wanakunywa bia chini yake. Tangu hapo hawakusalimiana. Mikutano ya ukoo mmoja akija, mwingine haji.

"Mwezi uliopita Sifael alikwenda akairudisha ile picha," Elinipendo alisema. "Akaniambia, dada, mpelekee Filemon neno, aje nimchore. Mimi kusema samahani kwa mdomo siwezi, nitaisema kwa ninachokiweza. Nikapeleka neno. Filemon hakujibu."

Mwanaasha alifungua jalada. Maelezo ya Filemon yalikuwa ya mistari minne, na mmoja ulisema: Sijakanyaga kwa Sifael tangu tumzike mama. Asubuhi, alipomwamkia pale kwenye viti vya wanaume, mzee yule aliitikia marahaba na kumpa mkono wa kulia. Wa kushoto ulikuwa ndani ya koti.

"Vidole vya Filemon vimefanya nini?"

"Mashine ya kumenyea kahawa," dada mtu alisema. "Zamani, tungali watoto." Ndipo akaelewa alichoulizwa, akaweka kitambaa mdomoni. "Ee Ruwa. Ee Mungu wangu."

Mwanaasha hakwenda kwa Filemon moja kwa moja. Alimchukua Eliudi wakapita zizini hadi nyuma ya kihamba, walikozikwa wazazi. Kaburi la mama lilikuwa karibu na ukingo, limezungushiwa masale yaliyokuwa marefu kuliko mtu. Mvua ya juzi ilikuwa imeacha udongo laini na ukungu wa kijani juu ya mawe. Mwanaasha aliupitia mstari wa masale shina kwa shina. Upande wa ndani hakukuwa na kitu. Upande wa korongo, pasipo na hata nusu mita ya kusimama, shina moja lilikuwa limekatwa kwa panga, mkato wa mshazari, na chini yake udongo ulikuwa umekwanguliwa na kisigino hadi ukingoni.

"Shuka polepole," alimwambia Eliudi. "Unakijua unachokitafuta."

Koplo alishuka kwa kushika mizizi. Ilimchukua muda. Aliporudi alikuwa na matope hadi kifuani, na mkononi ameshika kichwa cha isale chenye majani yake, kimeanza kunyauka.

"Kilikuwa kwenye magugu, juu kidogo ya pale tulipomkuta," alisema. "Siku ile tulikikanyaga, afande. Masale yako kila mahali huku. Hakuna aliyefikiri."

"Hata mimi nisingefikiri," Mwanaasha alisema, na alikuwa anasema kweli.

Filemon walimkuta hatua chache upande wa juu, ambako vijana wa ukoo walikuwa wameanza kuchimba kaburi la mdogo wake. Aliketi kwenye kiti cha plastiki, anasimamia. Mwanaasha aliwaomba vijana wapumzike, wakaenda kunywa chai.

"Shikamoo tena, mzee."

"Marahaba."

"Nitakuomba unioneshe mkono wa kushoto."

Alimtazama, akamtazama Eliudi, akaona kilicho mkononi mwa Eliudi. Mkono ulitoka kwenye koti wenyewe. Kwenye mikunjo ya vidole, hata baada ya siku mbili za kunawa, kulikuwa na weusi wa mkaa.

"Meku," Eliudi alimwita kwa unyenyekevu, kama wanavyoitwa wazee wa Kichagga, "Jesse yuko ndani. Mama yake hajala."

"Najua yuko ndani," alisema Filemon. "Kila usiku najua."

"Ulikwenda kwa Sifael," alisema Mwanaasha.

"Nilikwenda. Nilitaka nione ana sura gani baada ya miaka yote ile. Akanikalisha. Hatukuzungumza, yeye anakwaruza na mkaa wake, mimi nimekaa. Nakuambia ukweli, mama, ilikuwa raha. Nilikuwa nimesahau jinsi anavyotoa ulimi akichora. Tangu mdogo. Alipomaliza akanigeuzia ubao. Nikajiona nimeshika isale. Ameninyooshea isale la chaki, na kwenye picha nimeshalipokea. Yaani ameshanisamehesha yeye mwenyewe, mimi sijafungua mdomo."

"Ukakasirika."

"Nilifoka hadi jirani akasikia. Nikamwambia, ulimtundika mama hotelini kwa mkaa, sasa unaniomba msamaha kwa chaki? Isale halichorwi. Isale linakatwa. Kama una nia, kalikate, na ukalikate kwenye masale ya mama."

Alisema maneno ya mwisho akitazama kule yalipo masale, na ikawa kama hawezi tena kuyatoa macho.

"Akaenda?"

"Alichukua panga nyuma ya mlango. Nilimsikia anahema kupita dirishani. Nilijua kifua chake, mama. Nilijua na mvua ilikuwa imenyesha. Nikakaa. Nikamsubiri, haji. Nikadhani ameghairi, kaenda kujificha zizini anisubiri niondoke. Hasira zikapanda upya. Ile picha ilikuwa inanitazama, nikachukua karatasi nikaifunika, nikaikandamiza kwa mkono, nikaondoka kwa njia ya juu. Sikupita huku nyuma. Ningepita huku nyuma..."

"Kwa nini hukusema? Umemwacha Jesse analala sakafuni."

"Ningesema nini? Kwamba ndugu yangu ameniomba msamaha nikamwambia akaulete upya?" Machozi yalikuwa yanashuka na hakuyafuta. "Nilijiambia watamwachia wenyewe. Kila asubuhi nilisema leo watamwachia."

Mwanaasha alikuwa na maneno makali ya kumwambia, aliyaandaa tangu alipoona ule mstari kwenye jalada. Yalimwishia. Alitoa karatasi ya maelezo, akaketi kwenye udongo uliotoka kaburini, akaanza kuandika upya, akamsomea sentensi kwa sentensi, na mzee akaweka saini. Kisha alimpigia simu mkuu wake wa upelelezi. Mkuu alilalamika, akauliza maswali, akalalamika tena, na mwisho akasema Jesse atolewe leo hii. Eliudi aliondoka mbiombio kwenda kumwambia mama wa Jesse.

Filemon alisimama. Alikung'uta koti, akavua kofia, akanyoosha mikono yote miwili mbele, mzima na wenye vidole vifupi.

"Haya. Niko tayari."

"Kwa lipi, mzee?"

"Twende. Nimemuua ndugu yangu."

"Kuna kosa la kutoa maelezo ya uongo polisi," alisema Mwanaasha. "Hilo utalijibu, nitakuita baada ya mazishi. Hilo la kumuua halipo. Aliteleza mwenyewe. Hakuna kifungu."

Mzee hakushusha mikono.

"Umesoma sheria zote?"

"Zinazohusu jambo hili, ndiyo."

"Hebu angalia tena," alisema Filemon. "Tafadhali, mama. Haiwezekani lisiwepo."